Za mwizi arobaini, na ile arobaini ya mpwa wangu

Najua nimepotea. Kazi, baridi, na hiki kiza cha Kingsbury kinachoingia saa kumi jioni kama vile mtu kazima taa. Mnisamehe.

Leo nimekaa kuandika kwa sababu maneno yamefika Muheza kabla yangu. Nasikia huko inasemwa mpwa wangu "kadisko" chuo kwa kuiba, na kwamba mjomba mtu anaficha. Dada yangu kanipigia usiku, hata salamu hakutoa. Akasema: "Kaka, niambie ukweli. Mtoto kapata arobaini. Na za mwizi si ni arobaini?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi ukweli ni huu. Hajafukuzwa, anaendelea na masomo. Ila ni kweli aliitwa kwenye kikao, ni kweli alikuwa na kosa, na ni kweli alituhumiwa jambo jingine ambalo hakulifanya. Mwenyewe kaniruhusu niyaandike yote, mradi nisimtaje jina wala chuo. Lakini ili mwelewe hiyo arobaini imetoka wapi, itabidi niwarudishe nyuma kidogo. Mnanijua mimi na historia.

Kwanza namba yenyewe. Vyuo vikuu vya Uingereza huhesabu kufaulu kuanzia 40, na daraja la kwanza kuanzia 70. Mtoto akileta 62 kwenye insha, huyo kafanya vizuri, yuko daraja la pili la juu. Kupata 95 kwenye insha ni kama kuona theluji Pangani. Sisi tuliozoea shule ya msingi, ambako mia kwa mia ilikuwa inawezekana na fimbo zilihesabiwa kwa kila alama iliyopungua, tunaona 62 kama janga. Lakini waliosoma Mlimani wanajua, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho A huanza 70 na kufaulu ni 40. Mifumo hii miwili inafanana kwa sababu ya undugu wa zamani.

Hapa Kingsbury Road kuna mzee mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vyakula, ambako nanunua mihogo na bamia. Kazaliwa Mwanza, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha watoto wetu waliozaliwa huku. Eneo hili limejaa watu wa namna yake, waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Siku moja nikamuuliza shule ilikuwaje enzi zake. Akasema: "Bwana, sisi karatasi zetu zilipanda meli." Alifanya mtihani wa Cambridge miaka ya hamsini. Mnaandika, zinafungwa, zinasafirishwa Uingereza, na msahihishaji ni mtu ambaye hamtamwona maisha. Mnakaa miezi mnasubiri. Kwenye karatasi hakuna jina, kuna namba tu. Mzee akasema hiyo namba ndiyo aliyoipenda. "Alikuwa hajui mimi mtoto wa nani."

Cambridge ilianza mitihani yake kwa shule za hapa Uingereza mwaka 1858, na miaka michache baadaye ikaanza kuipeleka makoloni. Mwaka huohuo wa 1858 Chuo Kikuu cha London kikaruhusu watu kufanya mitihani yake ya digrii bila kukaa kwenye madarasa yake. Kwetu hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere 1943 hadi 1945, akatoka na stashahada ya ualimu, kwa sababu Makerere ya wakati ule haikuwa inatoa digrii. Digrii aliifuata Edinburgh, akaipata 1952. Tume ya Asquith ya mwaka 1945 ndiyo iliyopendekeza vyuo vya makoloni vilelewe na London, na Makerere ikaingia kwenye mpango huo mwaka 1949. Walimu wa Kampala na watahini wa London walikubaliana mtaala, wakatunga maswali pamoja, wakasahihisha pamoja. Ukimaliza, cheti kinasema London.

Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, nacho kilikuwa chini ya London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kila mmoja akajitegemea. London ikaondoka, lakini mtahini wa nje akabaki. Mpaka leo chuo huita mwalimu wa chuo kingine aje apitie karatasi na aseme kama alama hizi ni za haki. Uingereza nao wanafanya vilevile.

Mpango ule ulikuwa na faida. Hakuna aliyeweza kusema digrii ya Makerere ni zawadi. Na ulikuwa na hasara. Vizazi viwili vya kwetu vilikua vikiamini kwamba kipimo cha akili ni kitu kinachokaa ng'ambo, kimefungwa kabatini, na hakibadiliki. Ndiyo maana dada yangu anasoma "40" kama mtu anasoma hukumu ya mahakama. Kumbe kipimo ni watu wamekaa mezani wakakubaliana mstari ukatwe wapi.

Hilo Tanzania tumeliona kwa macho. Tulitoka kwenye mtihani wa Cambridge, tukawa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, tukajitoa mwaka 1971, na Baraza letu, NECTA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likasema mtoto asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, na alama za kazi za darasani zikaanza kuhesabiwa. Hayo ni maamuzi ya watu, na ni mazuri.

Halafu ukaja mwaka 2013. Mnakumbuka Februari ile. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitoka, na kati ya watahiniwa karibu 397,000, zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Asilimia 60! Nchi ilizizima. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya. Ilionekana kwamba mwaka ule NECTA ilikuwa imetumia viwango vya kudumu vya kukata madaraja, bila kuvirekebisha kama ilivyozoea miaka ya nyuma. Karatasi zilikuwa zilezile, mwandiko uleule. Mstari ukasogezwa, na maelfu waliolala wamefeli wakaamka wamefaulu.

Sisemi watoto walikuwa wamesoma vizuri. Shule nyingi hazikuwa na walimu, wala vitabu, wala maabara, na mstari hausogezi ujinga. Lakini tazameni kilichofuata. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa GPA, "Distinction" na "Merit", wazazi wakachanganyikiwa, na mwaka 2016 Waziri Ndalichako akarudisha divisheni. Mtoto mmoja, akili moja, na cheti chake kinategemea kazaliwa mwaka gani.

Na msidhani Wazungu wamepona ugonjwa huu. Agosti 2020, wakati wa korona, mitihani ya kidato cha sita hapa haikufanyika. Serikali ikatumia hesabu ya kompyuta iliyoangalia shule ya mtoto ilifanyaje miaka ya nyuma, na karibu asilimia 39 ya alama walizopendekeza walimu England zikashushwa. Watoto wakaandamana. Siku nne baadaye serikali ikarudi nyuma na kukubali alama za walimu. Mtaani kwetu nilimwona binti wa jirani analia Alhamisi kwa kukosa chuo, na Jumatatu anacheka. Hakuongeza hata mstari mmoja wa kusoma kati ya siku hizo.

Na juu kabisa kuna madaraja ya digrii. Mwaka 2011 England, kama wahitimu 16 kati ya 100 walipata daraja la kwanza. Miaka kumi baadaye walizidi 35. Wapo wanaosema wanafunzi wamekuwa hodari, wapo wanaosema walimu wamekuwa wapole. Mabishano hayajaisha.

Haya, hayo ni ya mstari. Sasa tuje kwenye mashaka, maana hapo ndipo mpwa wangu alipoingia.

Mtihani ukishakuwa mlango wa maisha, watu watatafuta dirisha. Mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne kwetu ilivuja vibaya hadi ikafutwa. Waliokuwa na majibu mfukoni na waliokesha na kibatari wakasomewa tangazo moja, wakarudia wote. Mimi nawajua watu wa kundi la pili. Ukiwauliza leo, bado sauti inabadilika.

Huku kuna kisa kikubwa zaidi. Mwanafunzi wa nje akitaka kuongeza viza alilazimika kufanya mtihani wa Kiingereza, na mmojawapo ulikuwa unaitwa TOEIC, wa kampuni ya Kimarekani ya ETS. Februari 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kikaonyesha udanganyifu kwenye vituo. Watu wa kukodi walikaa kwenye viti vya watahiniwa na kusema kwa niaba yao, na majibu ya kuchagua yakasomwa kwa sauti mbele ya chumba. Uovu wa kweli kabisa. Serikali ikaitaka kampuni ichunguze, nayo ikapitia rekodi za sauti kutafuta sauti moja iliyojirudia kwenye mitihani ya watu wengi. Jibu likaja hivi: katika mitihani zaidi ya 58,000 iliyofanyika Uingereza kati ya 2011 na 2014, asilimia 97 ina mashaka. Zaidi ya 33,000 ikaitwa batili, na zaidi ya 22,000 ikaitwa ya kutiliwa shaka.

Jamani, asilimia tisini na saba! Hata soko la samaki Deep Sea halina wezi asilimia hiyo.

Watu wakafutiwa viza. Wengine walikamatwa, wengine wakarudishwa kwao, wengine wakafukuzwa vyuoni wakiwa wamebakiza miezi. Wengi walikuwa vijana wa India, Pakistan na Bangladesh, watu wa aina ya hawa tunaopanga nao vyumba hapa Kingsbury. Walihangaika kupata hata rekodi ya sauti iliyodaiwa kuwa ya kwao. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi wa taifa ya Uingereza ikatoa ripoti. Ilisema udanganyifu ulikuwepo na ulikuwa mkubwa, lakini wizara ilichukua hatua bila kupima vya kutosha ubora wa ushahidi, na huenda wapo wasio na hatia waliotiwa kapu moja na wezi. Maelfu walikuwa wameshashinda rufaa kufikia wakati huo. Lakini miaka mitano ya ujana wako, nani anakurudishia?

Sasa mpwa wangu.

Aliandika insha kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa. Vyuo vya huku karibu vyote hupitisha kazi za wanafunzi kwenye programu inayolinganisha maandishi na vitabu, majarida na intaneti. Walianza mambo hayo miaka ya 2002 hivi. Ya kwake ikarudi imepakwa rangi kama kanga. Aya nzima nzima zilikuwa za watu wengine. Vitabu alivitaja mwishoni, lakini ndani hakuonyesha wapi yanaanza maneno ya mwenye kitabu na wapi yanaishia. Nilipomuuliza akanijibu: "Mjomba, si ndivyo tulivyofundishwa? Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili, tunakariri, tunarudisha kama yalivyo. Aliyerudisha bila kukosea ndiye wa kwanza."

Sikuwa na jibu la haraka. Maana ni kweli. Mimi mwenyewe nilifaulu kwa madesa. Lakini kweli hiyo haifuti kosa. Sheria za chuo alipewa wiki ya kwanza, kwenye kijitabu ambacho alikitumia kuwekea kikombe cha chai.

Kama ingeishia hapo ningenyamaza. Ila kwenye barua kulikuwa na jambo la pili. Msahihishaji alisema sehemu moja ya insha, kurasa kama tatu, ni nzuri mno ukilinganisha na mwandiko wake wa darasani. Alishuku ameinunua, au kaandikiwa na akili mnemba.

Mashaka hayo hayakutoka hewani. Nairobi wapo vijana wengi wenye digrii zao ambao kazi yao ni kuandika insha kwa malipo kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mwaka 2024 ilitoka hata filamu juu yao, The Shadow Scholars, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya. Sheria ya mwaka 2022 imefanya kuuza insha za namna hiyo kuwa kosa la jinai England. Nikimfikiria yule mzee wa Mwanza naona dunia imepinduka. Zamani karatasi zetu zilipanda meli kuja kusahihishwa huku, na mwandishi ni sisi kwa namba isiyo na jina. Leo karatasi zinatoka Nairobi kuja kusahihishwa huku, na mwandishi ni sisi tena, kwa jina la mtu mwingine. Akili ya kijana wa Kenya inapata daraja la kwanza London, na yeye mwenyewe hana ajira.

Zile kurasa tatu zilizoshukiwa zilihusu nini? Zilihusu VICOBA ya Muheza. Dada yangu, ni wewe. Ni kikundi chako.

Siku ya kikao aliruhusiwa kuja na mtu mmoja, mradi asijibu kwa niaba yake. Nikavaa suti niliyofungia ndoa, nikakaa kimya saa nzima, na mnajua kwangu hiyo ni adhabu. Walimu walikuwa watatu, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Walitueleza kwamba hawahitaji uhakika wa mahakama ya jinai. Wanapima lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, alifanya au hakufanya. Wakamwambia pia kwamba akiona hakutendewa haki atakata rufaa chuoni, na ikishindikana ipo ofisi huru ya kusikiliza malalamiko ya wanafunzi wa England na Wales.

La kwanza, la kunakili, alikubali bila kuzunguka. La pili mwenyekiti akafunga faili, akamwambia: "Weka karatasi pembeni. Tueleze hicho kikundi kinafanyaje kazi."

Kiingereza kilimkwama mwanzo. Halafu akaanza kueleza lile sanduku. Kwamba lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wanachama wako mbele. Kwamba mama yake alishika ufunguo mmoja miaka minne. Kwamba kuna siku mwanachama alidaiwa kuchukua pesa, na akina mama hawakumfukuza kwa minong'ono. Waliketi chini ya mwembe, wakafungua daftari, wakamwita aseme, wakahesabu, wakakuta kosa ni la mwandishi. Aliongea dakika kumi au zaidi. Mwalimu mmoja aliacha kuandika akawa anamsikiliza tu.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki. Tuhuma ya kununua imefutwa kabisa. Kosa la kunakili limethibitika, la mara ya kwanza, aandike upya, na alama ya juu kabisa atakayoruhusiwa ni 40. Akaandika upya, miezi miwili, kila sentensi ya mtu kaitia kwenye alama za kunukuu na kutaja mwenyewe. Msahihishaji akaandika pembeni kwamba kazi hii ingestahili 62. Kwenye orodha ikaingia 40.

Hiyo ndiyo arobaini mliyoiona kwenye simu. Ni 62 iliyolipa deni.

Je, ni haki? Nimelifikiria sana. Naona ni haki. Amelipa kwa alichokifanya, hakulipa kwa ambacho hakukifanya, na tofauti hiyo ilipatikana kwa sababu watu watatu walikubali kumsikiliza yeye kama yeye. Watoto wa 1998 hawakupata hilo. Wale wa TOEIC wengi wao hawakulipata mpaka miaka imepita. Chuo chake kingeweza kusema tu kwamba wanafunzi wa kutoka kwetu wananunua insha, kikamweka kwenye asilimia 97.

Walimu mlioko huko nyumbani, nanyi nawaomba kitu. Mfundisheni mtoto kusema "haya ni maneno ya fulani, na haya ni yangu" tangu kidato cha kwanza. Haihitaji kompyuta. Na mkimshuku mtoto, mwiteni muulize aeleze kwa mdomo kabla ya kumwandika.

Na wewe dada yangu, acha kusononeka. Wakimsema sokoni, waambie mtoto alikuwa na kosa moja na amelilipa. Halafu waambie zile kurasa ambazo walimu wa London walisema ni nzuri mno kuwa za kwake, zilikuwa zinaeleza sanduku lako.

Anawasalimu wote. Ameahidi kupiga Jumapili, na safari hii nitahakikisha ana salio.

Wenu, mjomba wa Kingsbury.